Namba za kasi kwenye tathmini za kompyuta zitoke kwenye skripti, si mkononi

Mhariri,

Kurasa za teknolojia za magazeti ya Kiswahili siku hizi zinatoa tathmini za kompyuta za mezani na kompyuta mpakato mara kwa mara. Ni jambo la kushukuru, maana mnunuzi anayekwenda Kariakoo au Luthuli Avenue hapewi nafasi ya kuijaribu mashine kwa saa nzima kabla ya kutoa hela. Kasoro iko kwenye namba. Tunaambiwa laptopu moja inaishinda nyingine kwa asilimia 4, au mchezo fulani unakwenda kwa fremu (picha za skrini) 62 kwa sekunde, lakini hatuambiwi jaribio lilirudiwa mara ngapi, chumba kilikuwa na joto gani, chaja ilikuwa imechomekwa au la, wala draiva (programu inayoendesha kifaa kama kadi ya grafiki) ilikuwa toleo lipi. Namba ya hivyo hata aliyeipima mwenyewe hawezi kuipata tena wiki ijayo.

Ombi langu ni moja: namba yoyote ya kasi mnayoichapisha itokane na jaribio lililoendeshwa na skripti (faili la amri ambazo kompyuta inazifuata yenyewe) tangu mwanzo hadi mwisho, na masharti ya jaribio hilo yachapwe chini ya jedwali.

Sisisitizi skripti ili kumpunguzia mwandishi kazi ya kubofya. Mkono una makosa ambayo hayaachi alama. Anayebonyeza kitufe cha kurekodi kwa kukisia ataanza raundi moja sekunde mbili mapema na nyingine sekunde tatu baadaye, na mchezo hauna mzigo uleule katika sekunde hizo. Baya zaidi, akipata namba asiyoitarajia ataipima tena, lakini akipata aliyoitarajia ataiacha ilivyo. Skripti haina upande. Inarudia zote kwa idadi ileile.

Zana zenyewe hazina gharama. Phoronix Test Suite, aliyoianzisha Michael Larabel mwaka 2008, ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Ukitoa amri ya batch-setup unajibu maswali yake mara moja tu, kisha batch-benchmark inaendesha majaribio bila kumuuliza mtu kitu, inarudia kila jaribio, na ikiona raundi zinapishana kupita kiwango kilichowekwa inaongeza raundi yenyewe. Kwa jaribio dogo la amri moja, programu ya hyperfine inatosha: unaiambia ifanye raundi 3 za kupasha moto, kisha 10 za kuhesabiwa, na inaandika matokeo kwenye faili. Programu ya 7-Zip ina jaribio lake ndani, amri ni 7z b. Cinebench, inayopima prosesa kwa kuipa picha ya kuchora, nayo inakubali amri, ila kwenye Windows ina mtego wake: ukiiita kwa jina lake tu, matokeo hayatokei kwenye dirisha la amri wala kwenye faili. Inabidi ianzishwe kwa start /b /wait, la sivyo skripti itadhani imemaliza wakati jaribio ndiyo kwanza linaanza. Kwa michezo kuna PresentMon ya Intel, nayo ya bure, inayoandika muda wa kila fremu kwenye faili la CSV (jedwali la maandishi matupu).

Kuendesha programu hizi si kazi ngumu. Kazi ngumu ni skripti kujua raundi ipi haifai, na hapo ndipo huku kwetu panapohitaji uangalifu kuliko Ulaya.

Tuanze na umeme. Laptopu ikikosa umeme wa ukutani, prosesa na kadi ya grafiki hupunguziwa wati, na kwenye michezo matokeo yanaweza kushuka vibaya sana. Umeme ukikatika katikati ya jaribio la dakika 10, laptopu haizimiki. Inaendelea kwa betri kimya kimya, jaribio linaisha, namba inatoka, na hakuna anayejua kwamba nusu ya namba hiyo ilipimwa kwa betri. Kwa hiyo skripti isome hali ya chaja kila sekunde, si mwanzoni tu. Kwenye Linux hali hiyo iko ndani ya folda /sys/class/power_supply, kwenye faili liitwalo online: likiwa na 1 chaja inaleta umeme, likiwa na 0 haileti. Kwenye Windows, PowerShell (dirisha lake la amri) inaisoma kupitia Win32_Battery. Ikionekana hata mara moja kwamba chaja haileti umeme, raundi nzima itupwe. Umeme ukirudi, skripti isubiri betri ijae karibu yote ndipo iendelee, kwa sababu betri inayochajiwa inagombea wati za chaja na inaongeza joto ndani ya boksi. Kompyuta ya mezani haina betri ya kuikinga, kwa hiyo iwekwe kwenye UPS (kifaa cha betri kinachoshikilia umeme unapokatika), na skripti iandike tokeo la kila raundi kwenye diski papo hapo badala ya kungoja mwisho.

Chaja yenyewe nayo ikaguliwe. Laptopu zilizotumika zinazoletwa kutoka Uingereza na Dubai mara nyingi huuzwa na chaja isiyo yake. Mashine iliyotengenezewa wati 65 ikichomekwa chaja ya USB-C ya wati 45 itafanya kazi, lakini itabanwa kila mzigo unapokuwa mkubwa. Laptopu za Dell zikishindwa kuitambua chaja hutoa onyo zinapowaka kwamba zitarekebisha utendaji kulingana na umeme uliopo. Mtu akibonyeza kitufe kulipita onyo hilo, atapima prosesa iliyofungwa miguu. Dalili yake ni rahisi kwa skripti kuiona: mzigo ni asilimia 100, joto liko chini, na bado kasi ya prosesa imeganda chini ya gigahezi 1. Hali hiyo ikijitokeza, skripti isimame na kumwita mtu.

Joto linahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndilo linalofanya tathmini za kunakili kutoka nje zisitufae. Maabara nyingi za Ulaya na Marekani hupima kwenye vyumba vya nyuzi 20 na ushee. Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, chumba kisicho na kiyoyozi kinapita nyuzi 30 kwa urahisi. Prosesa nyingi za laptopu huanza kujipunguza zikikaribia nyuzi 95 au 100. Feni na bomba za shaba hutoa joto kwa kadiri ya tofauti kati ya prosesa na hewa ya chumba. Kikomo kikiwa nyuzi 95 na chumba nyuzi 22, tofauti ni 73. Chumba kikiwa nyuzi 33, tofauti ni 62, yaani pungufu ya asilimia 15. Kwa hesabu ya karibu, mashine iliyoweza kubeba wati 28 mfululizo kwenye chumba cha kwanza itabeba kama wati 24 kwenye cha pili. Hakuna kilichoharibika, ni mashine ileile mahali pengine. Mnunuzi wa Tanga anahitaji namba ya chumba cha pili, na hakuna gazeti la London litakalompimia.

Kipimajoto cha chumba kiwekwe upande hewa inakoingilia laptopu, si nyuma yake inakotokea hewa ya moto. Usomaji uingizwe kwenye faili la matokeo mwanzoni na mwishoni mwa kila jaribio. Chumba kikibadilika kwa zaidi ya nyuzi 2 katikati ya kazi, matokeo ya kabla na baada yasilinganishwe.

Kosa linaloonekana kwenye skripti nyingi ni kuweka mapumziko ya muda maalumu kati ya raundi, tuseme dakika 5. Kwenye chumba cha baridi dakika hizo zinatosha. Kwenye chumba cha joto, raundi ya pili inaanza mashine ikiwa bado ya moto, ya tatu ikiwa ya moto zaidi, na namba zinashuka ngazi kwa ngazi. Sahihi ni kusubiri joto, si saa: kabla ya kazi yote kuanza skripti ipime joto la prosesa likiwa limetulia, kisha kila raundi isubiri lirudi ndani ya nyuzi 3 za hapo, na iwe na kikomo cha dakika 20 ili isikwame milele. Kwenye Linux joto linasomeka kwenye /sys/class/thermal, likiwa limeandikwa kwa sehemu za elfu: 47000 ni nyuzi 47. Zone (sehemu zinazopimwa joto) ziko kadhaa, na namba 0 mara nyingi siyo prosesa, kwa hiyo skripti isome kwanza faili la type la kila moja ili ijue inapima nini.

Raundi ya kwanza isihesabiwe kamwe pamoja na nyingine, kwa sababu mbili zinazovutana. Kwenye kazi ya prosesa, mashine iliyopoa huruhusiwa kula wati nyingi kwa sekunde chache, mara nyingi hadi dakika moja, kabla ya kushushwa kwenye kiwango cha kudumu, hivyo namba ya kwanza hupanda. Kwenye michezo, mara ya kwanza kadi ya grafiki inakusanya programu zake ndogo za kuchora, picha inagugumia, na namba hushuka. Ndiyo maana Cinebench R23 ilikuja na muda wa kawaida wa dakika 10 badala ya mchoro mmoja, na mwandishi anayeubadilisha ili kuokoa muda anapima ile sekunde ya shangwe tu. Vyote viwili vina maana kwa msomaji, kasi ya dakika ya kwanza na kasi ya dakika ya kumi, lakini viandikwe kwenye safu mbili tofauti.

Jina la prosesa au kadi halitoshi kwenye jedwali. Core i5-1135G7, Intel inamruhusu mtengenezaji aiweke popote kati ya wati 12 na 28. GeForce RTX 3050 ya laptopu inawekwa kati ya wati 35 na 80. Laptopu mbili zenye vibandiko vilevile zinaweza kupishana kuliko vizazi viwili vya prosesa. Kwa hiyo skripti irekodi wati na kasi kila sekunde, na jedwali lionyeshe wati za dakika ya kumi. Irekodi pia idadi ya vipande vya RAM: laptopu ikiuzwa na kipande kimoja cha GB 8, michezo inayotegemea grafiki zilizo ndani ya prosesa inapungua sana ikilinganishwa na vipande viwili vya GB 4, ingawa jumla ni ileile. Kwa mashine iliyotumika, tokeo ni la mashine hiyo mahususi, si la modeli nzima. Krimu ya joto iliyokauka baada ya miaka mitano inatosha kubadili kila kitu, na hilo liandikwe wazi.

Kuhusu Windows, wapo wanaozima kila kitu kabla ya kupima, pamoja na kinga ya virusi. Sikubaliani nao. Msomaji hatatumia mashine hivyo. Kinachotakiwa ni kuahirisha, si kung'oa: masasisho yasimamishwe (Windows 11 inaruhusu hadi wiki 5), mashine mpya iachwe imewaka kwenye umeme mpaka imalize kupakua na kupanga faili zake, na hali ya Memory Integrity (kinga ya ndani ya Windows) iandikwe, kwa sababu mashine nyingi mpya huja nayo ikiwa imewashwa na inapunguza kasi ya baadhi ya michezo. Laptopu moja ikiwa nayo na nyingine haina, ulinganisho hauna maana.

Sasa hesabu. Raundi 5 baada ya ile ya kupasha moto ni kiwango cha chini kinachokubalika. Tuseme kazi moja imechukua sekunde 41.2, 41.0, 41.5, 47.9 na 41.3. Wastani ni 42.6, namba ambayo mashine haikuitoa hata mara moja. Namba ya katikati ni 41.3, na ndiyo inayofaa kuchapwa. Lakini ile 47.9 isifutwe tu: kumbukumbu ya sekunde kwa sekunde ifunguliwe ionekane nini kilitokea. Ikikutwa sasisho lilijipenyeza, raundi irudiwe. Isipopatikana sababu, ibaki, na jedwali lichapwe na namba ya chini na ya juu. Raundi za mashine moja zikipishana kwa asilimia 3, hakuna ruhusa ya kuandika kwamba imeshindwa na nyingine kwa asilimia 2.

Fremu kwa sekunde ndizo zinazoharibiwa zaidi. Mwaka 2011 Scott Wasson wa tovuti ya The Tech Report aliandika kwa urefu kwa nini wastani wa fremu unaficha kugugumia kwa picha, na tangu hapo wapimaji makini huangalia muda wa kila fremu. Chukua sekunde moja yenye fremu 50 zilizochukua milisekunde 10 kila moja na fremu 10 zilizochukua milisekunde 50 kila moja. Jumla ni fremu 60 ndani ya sekunde 1, kwa hiyo wastani sahihi ni 60. Mwenye skripti mbovu atageuza kila fremu kuwa kasi yake, 100 kwa zile za kwanza na 20 kwa zile za pili, kisha atatafuta wastani wa hizo na kupata karibu 87. Faili ni lilelile. Na mchezaji anachokiona ni nusu nzima ya sekunde hiyo picha ikienda kwa 20. Kanuni ni kugawa idadi ya fremu kwa muda wote, basi.

Kadhalika ile "asilimia 1 ya chini", yaani kasi ya fremu zilizochelewa zaidi, moja katika kila mia. Raundi ya sekunde 60 yenye fremu 3,600 ina fremu 36 zilizo mbaya zaidi. Kuna wanaochapa kasi ya fremu iliyo bora kuliko zote kati ya hizo 36, yaani mpaka wake, na kuna wanaochapa wastani wa zote 36. Fremu moja tu ikikwama kwa milisekunde 400, njia ya kwanza haitaiona na ya pili itashuka. Zote mbili zinatumika duniani; gazeti lichague moja na kuitaja kila mara.

Anayejumlisha majaribio mengi kuwa alama moja ajihadhari na wastani wa kawaida. Mashine B ikiwa mara 2 ya A kwenye jaribio moja na nusu yake kwenye jingine, wastani wa kawaida ni 1.25, kwamba B inashinda kwa asilimia 25. Geuza, anza na B, na A nayo itashinda kwa asilimia 25. Zidisha uwiano wote kisha uchukue kipeuo kulingana na idadi ya majaribio: hapa 2 mara 0.5 ni 1, kipeuo cha pili cha 1 ni 1, mashine zimelingana. Hivyo ndivyo SPEC, shirika linalotunga majaribio ya kompyuta, wanavyojumlisha alama zao za prosesa.

Michezo mingi haina amri ya kuanzisha jaribio, inabidi skripti ibonyeze menyu. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa kuwa wanaandika "subiri sekunde 15, bonyeza Enter mara tatu", na siku tangazo la mchezo likijitokeza skripti inabonyeza pasipohusika, inabadili ubora wa picha na kuendelea kupima. Dawa ni kuifanya skripti isome skrini: ipige picha, itafute neno linalotakiwa, ibonyeze likionekana tu. Lisipoonekana ndani ya sekunde 30, ihifadhi picha ya skrini na isimame. LTT Labs, maabara ya kupima vifaa ya Canada, wameweka wazi skripti zao za namna hii kwa jina la MarkBench, na anayeanza leo hana haja ya kuanzia sifuri. Kila raundi ianze kwa kurudisha faili la mipangilio ya mchezo kutoka kwenye nakala safi. Kwa michezo ya Steam (duka la michezo la mtandaoni), faili la appmanifest lina namba ya buildid. Ikibadilika kati ya laptopu ya kwanza na ya pili, mchezo si uleule tena.

Kwa diski, skripti iwe na mipaka ya akili ya kawaida. Diski inayounganishwa kwa njia ya SATA haiwezi kupita MB 600 kwa sekunde. Ikitoka 2,000, kilichopimwa ni RAM, kwa sababu faili la jaribio lilikuwa dogo na halikupitia moja kwa moja kwenye diski. Fio, programu ya kupima diski, ikipewa direct=1 tatizo hilo linaisha. Linabaki jingine: SSD nyingi za bei nafuu huandika kwa kasi mpaka sehemu yake ya haraka ijae, kisha kasi huanguka. Jaribio la GB 1 halitafika huko.

Skripti haimwondoi binadamu kwenye lawama. Agosti 2023 Linus Media Group, kampuni mama ya LTT Labs, walisimamisha utengenezaji wa video kwa muda baada ya chaneli ya YouTube ya Gamers Nexus kuonyesha makosa ya namba kwenye tathmini zao, na hao wana vifaa kuliko chumba chochote cha habari hapa. Ndiyo sababu jedwali la gazeti lijazwe na programu kutoka kwenye faili la matokeo, asiwepo mtu wa kunakili namba kwa mkono. Tena, watengenezaji nao hutambua majina ya programu za majaribio: mwaka 2013 tovuti ya AnandTech walionyesha simu ya Samsung, Galaxy S4, ikiipandisha grafiki hadi megahezi 533 kwa programu chache za kupimia huku michezo ikiishia 480. Jaribio lenu wenyewe, tuseme kubana video ileile ya gazeti kwa programu ya ffmpeg, halina jina la kutambuliwa.

La mwisho ni laptopu ya rejea. Chumba cha habari kitenge mashine moja ya kawaida, isiuzwe wala kuazimwa, na kila kabla ya tathmini mpya ipimwe kwa skripti ileile. Ikitoa namba iliyopishana na ya zamani kwa zaidi ya asilimia 2, kuna kilichobadilika: draiva, toleo la programu, au joto la chumba. Kiyoyozi kikifa, ndiyo itakayowaambia. Mpaka sababu ipatikane, laptopu mliyoipima Januari na mliyoipima Oktoba zisiingie kwenye jedwali moja.

Msomaji wenu,
Fundi kompyuta,
Dar es Salaam.